Kuongeza Mwendo wa Kadi ya Picha ya Kompyuta: Mambo ya Kwanza Kujua



Siku hizi kompyuta si chombo cha maofisini tu. Katika Busia, pande zote mbili za mpaka, na Tororo vilevile, wapo vijana wanaojipatia riziki kwayo: kutengeneza video za arusi, kuchora mabango, kuendesha vibanda vya michezo. Mara nyingine kompyuta hiyo imenunuliwa kwa akiba ya mzazi afanyaye kazi kiwandani au katika shamba la miwa. Basi kijana akija na kusema, "Baba, hii yetu naweza kuiongeza mwendo bila kununua nyingine," yafaa mzazi aelewe maneno hayo kabla ya kukubali au kukataa.

KADI YA PICHA NI NINI?

Ni kadi iliyo ndani ya kompyuta, yenye kazi ya kupiga hesabu za picha na kuzipeleka kwenye kioo. Ina chipu yake, kumbukumbu yake, na mara nyingi feni yake. Chipu hufanya kazi kwa mapigo, na mapigo milioni moja kwa sekunde huitwa megahezi moja. Kwa mfano, kadi ya GeForce GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019, imepangiwa mwendo wa megahezi 1,485, nayo hupanda hadi 1,665 kazi inapokuwa nzito.

Mwenye kinu cha kusaga mahindi anaifahamu habari hii. Akiondoa puli ya kinu na kuweka iliyo ndogo zaidi, injini ikiwa ile ile, kinu huzunguka haraka na mahindi husagika upesi. Lakini unga hutoka moto, beringi huchoka, na injini hunywa dizeli zaidi. Kadi nayo ni vivyo hivyo. Mtengenezaji huweka mwendo ambao kila kadi ya aina ile itauweza. Kadi nyingine huwa na nguvu iliyobaki, nyingine haina.

Faida yake ni ndogo, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10. Mchezo uliokuwa ukionyesha picha 40 kwa sekunde huenda ukaonyesha 43. Kadi dhaifu haigeuki kuwa kadi kubwa.

JOTO NDILO ADUI

Karibu umeme wote uingiao katika kadi hugeuka joto. Mwendo ukipanda, joto hupanda. Volti ikipanda, hali huwa mbaya zaidi: ikiongezwa kwa asilimia 10, hata mwendo ukibaki ule ule, umeme unaotumika huongezeka kwa kama asilimia 21. Ndiyo sababu twamwambia anayeanza: volti usiiguse.

Kadi nyingi zikipita nyuzi 80 za sentigredi hujipunguzia mwendo zenyewe ili zisiungue. Hapo mtu ameongeza mwendo, kadi imeurudisha, na kazi yote imekuwa bure. Tena chumba chetu chenye paa la bati huwa na joto kali mchana, na kila nyuzi moja ya joto la chumba huongeza karibu nyuzi moja kwenye kadi.

Halafu kuna vumbi. Afanyaye kazi katika saruji pale Tororo hahitaji kufundishwa jinsi vumbi linavyoingia kila mahali. Likiziba njia za hewa, feni huzunguka bila kupoza. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni usafi: zima kompyuta, chomoa waya ukutani, fungua sanduku, shika feni isizunguke, kisha ondoa vumbi kwa brashi laini na hewa kavu. Mara nyingine usafi huo peke yake hurudisha mwendo uliopotea.

HATUA KWA HATUA

1. Tumia programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. MSI Afterburner hutolewa bure na hufaa kwa kadi nyingi za Nvidia na AMD. Ipate kwa MSI wenyewe, si katika flashi ya mtu usiyemjua.

2. Kabla ya kubadili kitu, ipe kadi kazi nzito kwa dakika 15. Andika daftarini mwendo wake na joto lake. Ikiwa tayari inakaribia nyuzi 80, ishia hapo.

3. Penye maneno "Core Clock" ongeza megahezi 25 tu. Ipe tena kazi nzito kwa dakika 15, uandike.

4. Endelea hivyo hivyo. Vikitokea vidoa vya rangi, kioo kikizimika, au mchezo ukijifunga, umepita kiasi. Rudi nyuma hatua mbili.

5. Kumbukumbu, penye "Memory Clock", ijaribu peke yake, megahezi 50 kwa kila hatua. Usiongeze vyote viwili kwa pamoja, maana hutajua kosa limetoka wapi.

6. Usiiagize programu kuweka mwendo mpya kila kompyuta inapowashwa, mpaka siku kadhaa zipite salama. Hapo kompyuta ikigoma, kuizima na kuiwasha kutairudisha kwenye mwendo wa mtengenezaji.

Umeme ukiwa wa kupanda na kushuka, weka stebilaiza kwanza. Laptopu iache kama ilivyo, kwa kuwa nafasi yake ya kupoza ni ndogo. Na uisome karatasi ya dhamana, kwani dhamana nyingine hazilipi kadi iliyoharibika kwa kuongezwa mwendo. Aliyenunua ng'ambo ya mpaka aitunze risiti yake.

NANI ATALIPA?

Kiwandani mashine ikiongezwa mwendo, sisi huuliza: nani ameamua, faida ni ya nani, na ikivunjika nani atalipa? Nyumbani maswali ni hayo hayo, ila mlipaji ni wewe. Kadi ya kuchezea jioni, kijana na aijaribu kwa utaratibu huu, atajifunza mengi. Lakini kadi inayolisha nyumba, yenye video ya arusi ya watu inayongojwa Jumamosi, iachwe kwenye mwendo wake, isafishwe, na ipewe hewa.