Barua ya Charles, kipigo cha Zakaria

Wengi waliosoma riwaya ya Rosa Mistika wanakumbuka mwisho wake: Rosa anajiua. Wachache wanaikumbuka karatasi iliyotangulia yote hayo. Huko Namagondo, kijiji cha kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria alikozaliwa mwandishi mwenyewe, Euphrase Kezilahabi, mwaka 1944, msichana Rosa anaandikiwa barua na kijana aitwaye Charles. Ni barua ya aina ileile ambayo wanafunzi wa Kanda ya Ziwa hupenyezeana katikati ya madaftari hadi leo, kuanzia Nansio hadi Nyegezi. Inagundulika. Baba yake, Zakaria, aliyekuwa mwalimu kabla pombe haijamteka, anamshushia binti kipigo kikali. Hamkalishi chini kumuuliza moyo wake unasemaje, wala hamwelezi wavulana ni watu gani na mwili wake unaelekea wapi. Tangu hapo Rosa anajua jambo moja tu kuhusu wavulana: kwamba ukiwa karibu nao, utapigwa.

Tumezoea kusema Rosa aliharibiwa na mji wa Mwanza na marafiki wabaya. Kezilahabi, aliyesoma Seminari ya Nyegezi na ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 28 riwaya hii ya kwanza ilipotoka mwaka 1971, anatuelekeza kwingine. Rosa anapovuka ziwa kwenda sekondari ya wasichana ya Rosary, amebeba woga bila maarifa, na woga hupungua nguvu pale anayeogopwa anapobaki ng'ambo ya maji. Wanaomzunguka baadaye ni wanaume wazima wenye kazi na mishahara, hadi mkuu wa chuo cha ualimu. Hao wanajua kubembeleza. Yeye hajawahi kufundishwa hata namna ya kukataa. Utoto wake haukuibiwa mjini. Ulivunjwa nyumbani, siku ya barua, na vipande vyake ndivyo vilivyookotwa na wengine.

Mtu atasema Zakaria alikuwa na sababu, na kweli alikuwa nayo. Kwa miongo mingi nchini Tanzania mimba ilikuwa tiketi ya kufukuzwa shule. Ruhusa ya kurudi darasani baada ya kujifungua ilitangazwa Novemba 2021. Hofu ya mzazi wa kisiwani ilikuwa halali kabisa. Lakini kipigo hakikumkinga Rosa na mimba wala na aibu, kwa hiyo hata kwa kipimo cha Zakaria mwenyewe kilishindwa kazi. Wengine walidai kwamba kitabu ndicho kinachopotosha vijana, na kwa muda kikapigwa marufuku shuleni kabla ya kuja kusomwa darasani. Ni hoja dhaifu, maana Rosa aliyepotea hakupotezwa na kitabu. Tena mwaka uleule wa 1971 Sheria ya Ndoa iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, kifungu ambacho mwanaharakati Rebeca Gyumi alikipinga Mahakama Kuu na kushinda mwaka 2016, ushindi uliothibitishwa na Mahakama ya Rufani Oktoba 2019. Taifa lilimwona binti yule amekua kiasi cha kuwa mke, lakini bado mtoto mno kusoma habari za msichana mwenzake.

Pingamizi zito ni jingine. Rosa anakuwa mtu mzima, anakuwa mwalimu. Je, baba abebe lawama hadi lini? Na mama, Regina, ambaye naye anapigwa na mume huyohuyo, angeweza kusema nini na lini? Riwaya haitupi jibu rahisi, nami sioni kama lipo.

Ila mzazi ambaye binti yake anajiandaa kuingia kidato cha kwanza Januari, aisome riwaya hii yeye kwanza, kisha waisome pamoja. Na siku akikuta barua kwenye begi la mtoto, aanze kwa kumuuliza, na amsikilize hadi amalize.