Kambale na Ndoana za Kipupwe

Wapo watu wanaofurahia sato na sangara, lakini ukiwawekea kambale mezani wanakunja uso: eti samaki wa matope, mla uchafu. Wanamwonea. Nenda bonde la Kilombero mwezi Juni au Julai, mvua za masika zikishakatika na maji yakishuka, umtazame mvuvi akitega ndoana zake jioni, ndipo utajua tunamdharau kiumbe wa namna gani.

Kipupwe humtaka mvuvi wa kambale awe na subira. Joto la mwili wa samaki hufuata la maji, na maji yakipoa tumbo lake husaga chakula polepole. Hali chakula ovyo. Hushuka kwenye kina, akatulia, akatoka kidogo usiku. Kumvizia ukiwa umeshika mshipi mkononi ni kukesha bure. Heri kamba ikeshe badala yako. Mvuvi hufunga kamba ndefu kwenye mti wa ukingoni, ncha ya pili akaizamisha kwa jiwe, na katikati hufunga nyuzi fupi fupi, kila uzi na ndoana yake. Alfajiri huja kuivuta.

Nyuzi hizo zisiwe fupi mno, na kamba isikazwe sana. Juu ya mashavu yake, ndani ya kichwa, kambale ana viungo vyekundu vyenye matawi, vinavyofyonza oksijeni ya hewa. Kila baada ya muda hupanda juu, akameza hewa, akarudi chini. Ukimbana chini kwenye maji yaliyotuama, yenye oksijeni haba, utavuta mzoga uliokwisha kulegea nyama.

Macho yake ni madogo, na gizani ndani ya maji ya udongo hayamsaidii sana. Anazo sharubu nane, zimejaa chembe za kuonjea kama ulimi wako, kwa hiyo huonja kitu kabla hajafungua mdomo. Ndiyo maana chambo chenye harufu kali humvuta: utumbo wa kuku, minofu ya samaki iliyochacha, hata kipande cha sabuni ya mche. Sabuni huwashangaza wengi, lakini imetengenezwa kwa mafuta, na huyeyuka taratibu usiku kucha huku mkondo ukiisambaza ladha yake.

Bado ana hisi nyingine ambayo sisi hatuna kabisa. Ngozini mwake mna vishimo vidogo vinavyotambua umeme hafifu unaotoka kwenye miili ya viumbe wengine. Kwenye delta ya Okavango, Botswana, maji yanapopungua makundi ya kambale huwinda pamoja kando ya mafunjo, na windo lao kubwa ni jamaa za domodomo, samaki wanaotoa umeme ili kutambua njia na kuwasiliana. Mazungumzo yao wenyewe huwafichua. Samaki mwenye uwezo huo ndiye tunayemwita mla uchafu!

Kinachoniudhi zaidi ni namna tunavyomharibia mazalia. Mvua zikianza, kambale hutoka mtoni usiku na kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji mapya; mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Bila uwanda wa mafuriko hana pa kulea kizazi. Kilombero iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani mwaka 2002, lakini mashamba na mifugo vinazidi kuisogelea. Huku chini, maji ya Rufiji, mto unaopokea ya Kilombero, sasa hupita kwanza kwenye bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Wanaofungua milango yake wawahesabu na samaki. Na wavuvi nao waache ndoana ndogo zinazonasa watoto, na kamba za nailoni wasizitelekeze majini, maana huendelea kuua bila mwenyewe.

Faida za kambale ni nyingi: hubanikwa kwa moshi akasafirishwa mbali, huungwa kwa nazi, hufugwa kwenye mabwawa hata yenye maji duni, vifaranga vyake huwa chambo cha sangara Ziwa Victoria, tena hana magamba ya kuparua.