Miaka 15 ya kungoja kisasi: Kwa nini kauboi huyu bado anabamba

Ukikulia Kisii au Nyamira unajua sheria ya kibanda cha video: steringi hafi, na adui lazima alipe. Siku hizi filamu tunazitazama kwa simu ndani ya matatu ya Keroka, lakini sheria ni ile ile.

Ndiyo maana Death Rides a Horse, filamu ya kauboi iliyotengenezwa na Waitaliano mwaka 1967, haijazeeka. Mwelekezi ni Giulio Petroni, muziki ni wa Ennio Morricone. Kama umeona Kill Bill ya 2003, muziki huo ushausikia; Quentin Tarantino aliuazima.

Hadithi yenyewe ni hii. Usiku wa mvua, majambazi wanaua familia ya mtoto Bill huku akiona. Majina yao hayajui. Anachobaki nacho ni alama: kovu usoni, hereni, karata zilizochorwa kifuani, mkufu wa fuvu. Miaka 15 baadaye Bill (John Phillip Law) ni kijana mwenye shabaha noma. Njiani anakutana na Ryan (Lee Van Cleef), mzee aliyefungwa miaka 15 baada ya kusalitiwa na genge lilo hilo. Kila mmoja anataka kuwafikia kwanza.

Bunduki ni sehemu tu ya utamu. Kinachoshika ni ule mngojo. Huku kwetu, ambako mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande, kesi ya ardhi inaweza kuanzwa na baba ikarithiwa na mwana. Ukichoka kusikia “njoo mwezi ujao”, mtu anayejichukulia haki yake mwenyewe anakuvutia. Lakini pia tunalikumbuka Sungusungu. Lilianza kama ulinzi wa kijiji, likaishia kuogopwa na wanakijiji wenyewe.

Hujaitazama? Basi ruka aya hii. Ule mkufu wa fuvu ni wa Ryan. Alikuwa mmoja wa genge, ila usiku ule alifika amechelewa, na ndiye aliyemtoa mtoto kwenye moto. Mwishowe Bill ana bunduki mkononi na Ryan amempa mgongo. Bill anamwacha aende zake.

Hapo ndipo mashabiki hubishana mpaka leo: steringi aliogopa, ama alikomaa? Mimi nasema alikomaa. Kungoja miaka 15 halafu usifyatue risasi kunahitaji moyo kuliko kufyatua. Wewe je?