Kumwachisha Mtoto Chuchu Bandia: Funzo kutoka Uwanda wa Rondo

Korosho zinapoanza kudondoka, kati ya Oktoba na Desemba, nyumba nyingi za Uwanda wa Rondo, katika Halmashauri ya Mtama mkoani Lindi, hubaki mchana kutwa na bibi na mjukuu tu. Wenye nguvu wako shambani. Tuchukue mfano wa nyumba moja ya namna hiyo. Mtoto ana miaka miwili na miezi kadhaa. Mama yake yuko Dar es Salaam akitafuta riziki. Shingoni mwa mtoto pana kamba, na kwenye kamba inaning'inia chuchu bandia: ile nyonyo ya plastiki isiyo na maziwa, inayotengenezwa kwa ajili ya kumtuliza mtoto. Ikianguka mchangani, bibi huipangusa kwa pindo la khanga na kuirudisha mdomoni. Asipofanya hivyo mtoto hulia, na kilio cha mjukuu humfedhehesha mlezi mbele ya majirani.

Zamani kilichoachishwa ni ziwa la mama. Siku hizi wapo watoto wanaopaswa kuachishwa na kitu kilichonunuliwa dukani. Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hili lina uzito na namna ya kulitimiza bila kumtesa mtoto.

Kwa nini mtoto hupenda kunyonya

Kunyonya si tabia mbaya. Mtoto huzaliwa na msukumo wa kunyonya, nao humlisha na kumtuliza kwa pamoja. Ndiyo maana wataalamu hawaikatai chuchu bandia kwa kila hali. Madaktari wa watoto wa Marekani, kwa mfano, hushauri mtoto mchanga apewe wakati wa kulala, baada ya unyonyeshaji kuimarika, kwa kuwa matumizi hayo yamehusishwa na kupungua kwa vifo vya ghafla vya usingizini katika mwaka wa kwanza. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika Hatua Kumi za kufanikisha unyonyeshaji zilizotolewa mwaka 1989, walielekeza kwamba watoto wanaonyonya wasipewe chuchu bandia. Hatua hizo zilipohuishwa mwaka 2018, mkazo uliwekwa katika kuwashauri akina mama kuhusu matumizi na hatari zake.

Kwa mtoto wa miaka miwili, hoja ya vifo vya ghafla vya usingizini imekwisha kupita. Yanayobaki ni madhara.

Madhara yanayotukabili

La kwanza ni uchafu. Chuchu iliyoanguka chini na kupanguswa kwa nguo hubeba vijidudu hadi mdomoni, na mahali ambapo maji huchotwa mbali si rahisi kuichemsha kila siku. Kuhara ndiyo malipo yake.

La pili ni masikio. Kunyonya kwa muda mrefu kumehusishwa na maambukizi ya sikio la kati. Nchini Ufini, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wazazi waliposhauriwa kliniki wapunguze matumizi ya chuchu bandia, maambukizi hayo yalikuwa pungufu kwa asilimia 29 kuliko kwa watoto ambao wazazi wao hawakupewa ushauri huo. Tiba yenyewe haikuwa dawa, bali mazungumzo. Sikio linalotoka usaha mara kwa mara hupunguza usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri huchelewa kusema.

La tatu ni meno. Meno ya utoto, ambayo ni 20, hukamilika karibu na umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Chuchu inayokaa mdomoni saa nyingi huyasukuma, hata meno ya mbele ya juu na ya chini yakashindwa kukutana. Tabia ikikoma kabla ya miaka mitatu, mara nyingi kasoro hiyo hujirekebisha. Kuichovya chuchu katika sukari huongeza kuoza kwa meno. Na asali ni hatari kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwani yaweza kubeba vijidudu vyenye sumu ya kulegeza misuli.

La nne ni kamba. Kamba shingoni yaweza kumnyonga mtoto akiwa amelala au anacheza. Hii iondolewe leo hii, hata kabla ya chuchu yenyewe.

La tano ndilo zito zaidi: chuchu hunyamazisha kilio kabla hakijasikilizwa. Katika ukanda wenye malaria kama huu wetu, kilio chaweza kuwa habari ya kwanza ya homa. Mtoto aliyezibwa mdomo huonekana ametulia, kumbe anaumwa.

Pilipili si mwalimu

Sehemu nyingi za nchi yetu, mtoto aliachishwa ziwa kwa kupaka pilipili, shubiri au maji ya mwarobaini, ama kwa kupelekwa kwa bibi. Wapo wanaohamishia njia hizo kwenye chuchu bandia. Pilipili huunguza midomo na macho, na humfundisha mtoto kwamba kitu alichokiamini kimemgeuka. Kumpeleka kwa bibi siku ile ile humnyang'anya vitu viwili kwa pamoja: kitulizo chake na mama yake. Kwa mtoto ambaye mama amesafiri, huenda chuchu ndicho kitu pekee kilichotoka naye katika mikono ya mama. Isiondolewe wiki ambayo mama ameondoka.

Wahenga walisema: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Methali hii ni ya kweli, lakini haikutuagiza tumlize mtoto. Inatutaka tusiogope kilio kiasi cha kushindwa kumlea.

Hatua kwa hatua

Kwanza, chagua wakati wa utulivu. Usianze katikati ya msimu wa korosho, mtoto anapougua, wala anapozaliwa mdogo wake. Kazi hii inahitaji mikono ya mtu mzima.

Pili, kubalianeni watu wote wa nyumba: mama, baba, bibi na dada anayembeba. Mmoja akikataza na mwingine akitoa, mtoto hujifunza kulia zaidi.

Tatu, anza na mchana. Kwa siku chache chuchu ikae ndani na itolewe wakati wa kulala tu. Mchana mpe cha kushika, cha kucheza na mtu wa kuzungumza naye.

Nne, fuata usiku. Badala ya chuchu weka desturi moja isiyobadilika: kumwogesha, kumpapasa mgongo, hadithi fupi au wimbo wa kubembeleza, na kitambaa laini cha kukumbatia.

Tano, siku ya mwisho mwambie ukweli kwa maneno machache: "Umekuwa mkubwa, leo chuchu tunaiaga." Kisha isirudi. Tarajia usiku kadhaa wa kilio. Kaa naye, umshike, usimcheke wala kumpiga. Iwapo bado ananyonya ziwa la mama, hakuna sababu ya kuliachisha kwa ajili hii: kunyonya hadi miaka miwili na zaidi kunapendekezwa.

Kwa wahudumu wa afya

Mahudhurio ya miezi 18, mtoto anapokuja kupata chanjo ya pili ya surua na rubela, ni nafasi njema ya kuuliza. Uliza bila kulaumu, na umwulize yule anayelea. Katika jamii ya Wamwera, ambako ukoo kwa asili ulihesabiwa upande wa mama, neno la bibi lina uzito mkubwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, mtoto akilia, kabla ya kumpa chuchu, huwa unamgusa paji la uso?"

Swali hilo hufungua mlango wa maelezo mengine yote. Mweleze bibi kwamba mtoto mwenye homa, anayeshika sikio, anayekataa kula, anayeharisha, mwenye macho yaliyobonyea au aliyepatwa na degedege apelekwe zahanati mara moja. Anayeharisha aanze kupewa maji ya ORS nyumbani, na zahanati itampa zinki.

Bibi wa mfano wetu hakukosea kumpenda mjukuu. Alipewa kifaa bila maelezo, akakitumia kadiri alivyoweza. Kamba ikifunguliwa shingoni leo, na msimu ukipita ndipo chuchu iagwe, mtoto atalia usiku kadhaa kisha atanyamaza. Na siku nyingine atakapolia, bibi atakisikia kilio hicho chote, naye atajua kama ni deko au ni homa.