Kasuku wanaoonekana wengi ndio wanaoisha haraka



Tukitaja wanyama walio hatarini kutoweka, mawazo yetu yanakimbia kwa gorila wa Kahuzi-Biega, kwa tembo, kwa okapi. Leo mimi nataka tumwangalie ndege ambaye kila mtu wa Kindu anamjua, mpaka komini yetu moja ina jina kama lake: kasuku. Yule wa rangi ya kijivu, mkia mwekundu, anayepita jioni akipiga kelele na wenzake.

Tangu 2016, shirika la kimataifa la IUCN limemweka kwenye orodha nyekundu, katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka. Ukimwambia mtu hivyo hapa mjini, jibu ni lile lile: "Hatarini namna gani? Kasuku si wako tele?" Swali ni zuri. Nitajaribu kulijibu, kwa sababu shida yenyewe imejificha ndani ya neno hilo, "tele".

Wingi unaodanganya

Kasuku hapendi kukaa peke yake. Jioni makundi yanatoka pande zote za pori na kukutana kwenye miti ile ile ya kulala, mamia kwa mamia. Mchana wanashuka pamoja kwenye sehemu za wazi katikati ya msitu, zile zenye maji na udongo wa chumvichumvi. Ukisimama pale utaapa kwamba ndege hawa hawawezi kuisha.

Lakini kundi unaloliona pale si la pale. Ni kasuku wa pori kubwa lililozunguka, waliokusanyika kwa muda tu. Ni kama siku ya soko: ukihesabu watu sokoni ukadhani kila kijiji kina umati kama ule, hesabu imekupotea. Mtegaji naye anajua. Hana haja ya kuzunguka pori lote, anawangojea pale wanapokutana. Anapaka ulimbo kwenye matawi, anaweka kasuku mmoja aliyefungwa ili awaite wenzake, na wengine wanatua wenyewe. Kwa siku chache anatoa ndege wa eneo ambalo wewe kulizunguka kwa miguu kungekuchosha wiki nzima. Sehemu moja ikimalizwa, anahamia nyingine. Sisi huku mjini bado tunaona kasuku wakiletwa, basi tunasema: si wako tele?

Hesabu ya kuku na hesabu ya kasuku

Wengi wetu tunafikiria ndege wote kwa hesabu ya kuku. Ukichinja watano leo, baada ya miezi michache vifaranga vimejaza uwanja. Kasuku hana hesabu hiyo.

Kwanza anangoja miaka mitatu mpaka mitano ndipo aanze kuzaa. Anashikamana na mwenzi mmoja. Hatagi popote: anatafuta tundu kwenye mti mkubwa na mrefu, na si kila mti una tundu. Mayai kwa kawaida ni matatu au manne, yanaatamiwa karibu mwezi mzima, na makinda yanakaa ndani ya tundu zaidi ya miezi miwili kabla ya kuruka. Si wote wanaofika siku hiyo.

Kwa hiyo, kutoa kasuku mmoja mkubwa porini ni kutoa mzazi ambaye angezaa kwa miaka mingi. Na ukikata ule mti mkubwa kwa ajili ya mbao au makala, umebomoa nyumba ambayo haijengwi tena kesho. Mambo haya mawili yakikutana, mtego na shoka, ndege wanapungua bila sisi kusikia kishindo chochote.

Kutoka kikapuni mpaka sebuleni

Kindu yetu imejulikana kama mlango mmoja wa biashara hii. Kasuku wanatoka porini, wanafika mjini wakiwa wamebanana ndani ya vikapu na visanduku, wanapakiwa kwenye ndege kwenda Kinshasa, na kutoka kule wanavuka mipaka mpaka kwenye nyumba za watu ambao hawatajua kamwe Maniema iko wapi.

Wengi hawafiki. Wanakufa kwa kiu, kwa kubanana, kwa magonjwa, kwa majeraha ya ulimbo. Makadirio ya wataalamu ni kwamba kati ya 30% na 66% ya kasuku wanaokamatwa hufa kabla ya kufika kwenye soko la nje. Chukua ile hesabu ya juu: kasuku mmoja anayeimba sebuleni kwa mtu ameacha karibu wenzake wawili wakiwa wamekufa nyuma yake.

Hata kuwaokoa si kazi nyepesi. Shirika la Lukuru, ambalo limefanya kazi miaka mingi katika misitu ya mto Lomami, limetunza hapa Kindu kasuku walionyang'anywa wafanyabiashara. Huwezi kufungua kikapu tu ukawaambia: nendeni. Manyoya ya mabawa yamekatwa au yameng'oka na ulimbo. Inabidi ungoje yaote mapya, miezi na miezi, huku ukiwalisha ngazi na matunda kila siku. Kumkamata ni dakika chache, kumrudisha ni karibu mwaka.

Ghana ilishatuonyesha

Mtu anaweza kusema: pori letu ni kubwa, sisi si kama wengine. Tuangalie Ghana. Kule nako kasuku walikuwa wengi. Watafiti waliotangaza matokeo yao mwaka 2016 walikuta kwamba tangu 1992 kasuku wa Ghana wamepungua kwa 90% mpaka 99%. Walirudi kwenye sehemu 10 za kulala ambazo zamani zilikuwa na ndege kati ya 700 na 1,200. Mara hii walihesabu 18. Si mia kumi na nane, ni kumi na nane.

Haikuwa vita wala ugonjwa wa ghafla. Ni biashara, ni kukata miti, na ni watu waliosema "wako tele" mpaka siku ya mwisho.

Na binadamu je?

Hapa ndipo mjadala unapopamba moto, na ni haki. Kijana wa kijijini hana kazi, barabara imekufa, mazao yake yanaozea nyumbani. Mfanyabiashara anakuja na falanga mkononi anatafuta kasuku. Utamwambia nini? Kumhubiria uzuri wa mazingira wakati watoto hawajalipiwa masomo ni kupoteza mate.

Lakini tuseme ukweli wote. Katika mlolongo huu, anayepanda mti ndiye anayepata kidogo kuliko wote. Bei inapanda kila mkono unapobadilika, na faida kubwa haibaki Maniema. Kinachobaki kwetu ni pori tupu. Siku ndege wakiisha, mfanyabiashara atahamia jimbo lingine, kijana yule atabaki bila kasuku, bila kazi, na labda na kesi mahakamani.

Kwa sababu sheria iko. Oktoba 2016, mkutano wa CITES kule Johannesburg ulimpandisha kasuku kwenye Kiambatisho cha 1, ambacho kinafunga biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini. Kwetu kuna sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa viumbe, na mwaka 2025 agizo la waziri wa mazingira lilikataza kukamata na kuuza kasuku nchi nzima. Kabla ya hapo, tarehe 7 Julai 2016, serikali iliunda Hifadhi ya Taifa ya Lomami, karibu kilomita za mraba 8,900 kati ya Maniema na Tshopo. Humo wanaishi bonobo, ambao dunia nzima wanapatikana Kongo tu, na lesula, tumbili ambaye wanasayansi walimtambulisha kwa ulimwengu mwaka 2012 tu. Lakini karatasi ya Kinshasa haifiki porini yenyewe, inahitaji watu wa kuibeba.

Sisi tunaweza kufanya nini?

Waliosomea sheria waisome ile 14/003, kisha waieleze kwa Kiswahili redioni na vijijini. Wengi wanaokamata kasuku hawajawahi kuisikia. Waliosomea kilimo wana kazi kubwa kuliko wote: mabwawa ya samaki, ufugaji, mawese yanayofika sokoni. Bila hivyo, kila katazo litaonekana adhabu kwa maskini. Na sisi wote tuache kununua kasuku kama zawadi kwa mkubwa au kama pambo la nyumba. Asipokuwepo wa kununua, hakuna wa kutega.

La mwisho linawahusu ninyi mnaotafuta somo la TFC au memwari. Tunajua leo kwamba Ghana imepoteza kasuku wake kwa sababu kuna watu waliokaa chini ya miti mwaka 1992 wakahesabu. Bila namba zile, hasara ile ingebaki masimulizi ya wazee. Basi nani anahesabu kasuku wa Maniema? Kazi hiyo haihitaji mashine ya gharama. Inahitaji daftari, saa, macho mawili, na uvumilivu wa kurudi mahali pale pale jioni baada ya jioni, mwaka baada ya mwaka. Nusu yake inaweza kuanzia hapa hapa mjini. Anayeanza mwaka huu atawapa wadogo zetu kitu cha kulinganisha, na siku mtu akisema "kasuku wako tele", tutamjibu kwa namba.