Kinga ya Runinga na Ufukara wa Maneno

Kiswahili hutumia neno moja, umeme, kwa mambo mawili: ule mwanga unaopasua mawingu, na nguvu ipitayo wayani hadi kwenye soketi. Wakenya wengi husema stima, neno ambalo awali lilitaja meli ya mvuke. Kwa mkaazi wa Kisaju, utata huo si wa kamusi tu. Mvua za Novemba zinapozianza nyanda hizi za kando ya barabara ya Namanga, umeme wa kwanza huingia ndani ya wa pili, na runinga iliyonunuliwa kwa akiba ya miezi mingi huzimika isiwake tena.

Radi haihitaji kuipiga nyumba yenyewe. Ikipiga karibu na nguzo, msukumo wa maelfu ya volti husafiri wayani kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Lakini si makosa yote ni ya mawingu. Umeme wetu ni wa volti 240; waya wa nyutro ukikatika nguzoni, volti zaweza kukaribia 400 na kudumu hapo. Tena kuna kupotea na kurudi kwa stima. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, nchi nzima ikaingia gizani. Na aghalabu ni wakati nguvu inaporejea ndipo vifaa hupata madhara.

Madukani Kitengela mna vifaa viwili ambavyo mnunuzi huvichanganya. Kimoja kina kidonge cha oksidi ya zinki, ambacho volti zikiruka ghafla huufungulia umeme njia ya pembeni. Kidonge hicho huchakaa kwa kila pigo, na volti 400 zikidumu kitaungua. Cha pili hupima volti, hukata umeme zikizidi au zikipungua, kisha husubiri kabla ya kuunganisha tena. Lakini mbele ya radi ni kizito mno. Anayenunua kimoja akadhani amepata vyote amejidanganya. Isitoshe, kinga ya radi hutegemea sana waya wa ardhini, na udongo mweusi wa huku, ukikauka, hupasuka na kuachana na chuma kilichozikwa. Na waya wa dishi nao, je? Mara nyingi king'amuzi huuawa kwa njia hiyo, ilhali plagi ilikuwa salama.

Siku hizi limezuka jambo jingine. Nyumba za mawe huzuia mawimbi ya ruta, basi watu hununua jozi ya visanduku vinavyopitisha intaneti katika nyaya zile zile za umeme hadi kwenye runinga. Umeme huzunguka mara 50 kwa sekunde. Ishara za intaneti huzunguka mara milioni kadhaa, ndiyo maana haziingiliani. Ajabu ni kwamba soketi ya kinga huziona ishara hizo kama uchafu, ikazichuja. Kisanduku sharti kichomekwe ukutani moja kwa moja, runinga ibaki kwenye kinga. Hapo waya wa intaneti unaoviunganisha huwa mlango wa nyuma wa radi. Mawingu yakitanda, chomoa vyote viwili.

Ni nani aliyemweleza mnunuzi haya? Maelezo yamo kwenye karatasi ndogo, kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa kikamilifu. Sioni jinsi haki hiyo inavyotimizwa kwa lugha ambayo mnunuzi haisomi.

Wapo watakaosema Kiswahili hakina istilahi. La hasha! Matangazo ya dijitali yalipochukua nafasi ya analogi mwaka 2015, king'amuzi lilikuwa neno la kila sebule. Maadamu tumezoea mfumko wa bei, kwa nini tusiseme mfumko wa umeme? Kifaa cha kwanza kiitwe kinga ya mfumko, cha pili kikata-umeme. Majina yakitofautiana, hata muuzaji atalazimika kutofautisha bidhaa.

Mwanafunzi wa fizikia hukariri kanuni ya Ohm kwa Kiingereza, kisha akifika nyumbani hawezi kumweleza mamake kwa nini runinga imeungua. Walimu wa fizikia na wa Kiswahili wangeweza kuingia darasani pamoja muhula huu, kila mwanafunzi aje na karatasi ya maelezo ya kifaa kimoja cha nyumbani, aitafsiri, kisha aipeleke akamsomee mzazi.