Haut-Katanga: Namna ya kuhamisha data za serveri kwenye diski mpya bila kufunga kazi siku nzima

Barabara ya kutoka Lubumbashi inagawanyika Kasomeno: njia moja inaenda Kasenga, ingine inapanda hadi Pweto. Lori likiharibika hapo, mzigo unashushwa na kupakiwa kwenye lori lingine, na wakati huo wote safari imesimama. Wengi wanafikiri kwamba kwa ordinateri ni vile vile: diski ikizeeka, kazi yote isimame mpaka data zimalizike kuhama. Lakini kwa serveri inayotumia Linux au mfumo mwingine wa jamaa ya Unix, sehemu kubwa ya mzigo inahamishwa wakati lori lingali linatembea.

Jambo hili linawahusu wengi katika jimbo. Kliniki, shule au duka linaweza kuwa na serveri moja tu, yenye diski moja tu. Umeme unakatika, unarudi kwa ghafla, unakatika tena. Siku diski inakufa, majina ya wagonjwa, alama za wanafunzi na madeni ya wateja vinakwenda nayo. Wakubwa wa biro wanajua hatari hiyo, ila wanaahirisha kubadilisha diski kwa sababu wanaogopa kufunga mlango.

Saa mbili za kunakili, dakika chache za kufunga

Chukua mfano wa kliniki yenye giga 720 za data. Kwa mwendo wa mega 100 kila segonda, kunakili kunachukua segonda 7.200, ni kusema saa 2. Faili zikiwa ndogo ndogo na nyingi sana, muda unaongezeka. Kama serveri inazimwa kwanza, wagonjwa wanangoja muda huo wote.

Njia bora inatumia rsync, programu iliyotangazwa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia. Mara ya kwanza inanakili kila kitu kwenye diski mpya, huku watu wakiendelea na kazi. Mara ya pili inalinganisha ukubwa wa kila faili na saa ilipobadilishwa mwisho, kisha inapeleka tu zile zilizobadilika. Kama faili zilizobadilika katika saa hizo 2 zina jumla ya giga 1, ni hiyo 1 inayohama, si 720.

Kiisha mlango unafungwa. Programu zote zinazoandika kwenye diski zinasimamishwa, rsync inaendeshwa mara ya mwisho, diski mpya inawekwa pahali pa ile ya zamani, na programu zinawashwa tena. Mara nyingi ni kazi ya dakika chache, inayoweza kufanywa usiku.

Serveri ambayo diski zake zilipangwa kwa LVM ina njia ingine. Amri ya pvmove inahamisha data kipande kwa kipande bila kusimamisha programu. Umeme ukikatika katikati, amri hiyo ikianzishwa tena inaendelea kutoka pale ilipofikia.

Pale watu wanapoanguka

Kosa la kwanza ni kuruka ile mara ya mwisho. MySQL au PostgreSQL ikinakiliwa wakati inaandika, nakala inaweza kuwa na nusu ya zamani na nusu ya mpya, na isifunguke. Ndiyo maana lazima isimame kwanza, hata kama ni kwa dakika chache.

La pili ni haki za faili. Kunakili kwa njia ya kawaida kunaweza kupoteza jina la mwenye faili na ruhusa zake. Chaguo -aHAX pamoja na --numeric-ids vinalinda hayo yote.

La tatu linaumiza zaidi: chaguo --delete. Linafuta kwenye diski mpya kila kitu ambacho hakipo tena kwenye ya zamani, na mara ya mwisho linahitajika. Lakini fundi akigeuza chanzo na mwisho, diski tupu inafuta ile iliyojaa. Kwa hiyo amri inajaribiwa kwanza kwa chaguo -n, ambalo linaonyesha kitakachofanyika bila kugusa kitu.

La nne linaonekana serveri inapowashwa upya. Faili ya /etc/fstab inapaswa kuitaja diski mpya kwa namba yake ya UUID, kwa sababu majina kama sdb yanaweza kubadilika. Na kama diski hiyo ndiyo inayowasha mashini, GRUB pia inapaswa kuwekwa juu yake.

Diski ya zamani isitupwe

Kazi ikimalizika, diski ya zamani inachomolewa na kuwekwa kando bila kufutwa, kwa wiki kadhaa. Lakini isichukuliwe kama njia rahisi ya kurudi nyuma: kila mgonjwa aliyeandikwa baada ya mabadiliko yuko kwenye diski mpya peke yake. Ndiyo maana, kabla ya kufungua mlango, fundi anafungua karatasi za wagonjwa wachache, anaandika moja ya majaribio, na kuiwasha serveri upya mara moja.

Pia onduleri yenye betri nzuri iwepo kabla ya kuanza. Diski mpya isiyokingwa na umeme wa kukatika-katika itachoka kama ile ya kwanza.